Bakuli la Mama Emérance

Bunia, Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025

Mama mkubwa Domitille,

Nakusalimu sana na natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na wote wa hapo Aru. Mguu unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila nina jambo la kukuomba ushauri.

Yannick dereva ameniambia simu yako ilitumbukia kwenye mafuta ya mandazi na kwamba hutaki nyingine. Basi nitakuandikia barua, naye atabeba.

Nimekwisha kukuambia kwamba mimi ni karani wa chama cha akina mama hapa Mudzipela, kwa majaribio hadi mwisho wa Julai. Chama kinataka kununua vitanda vya kujifungulia kwa zahanati ya kambi, kule wanakokaa watu waliokimbia kutoka Djugu. Sasa hivi wanawake wanajifungulia kwenye mkeka. Kwa hiyo Jumapili tarehe 6 Julai, baada ya misa ya pili, tutafanya mnada wa vitu vitamu vilivyopikwa nyumbani. Akina mama thelathini na mmoja wamejiandikisha. Kila mmoja ataleta kionjo ofisini tarehe 14, na watakaochaguliwa ndio watakaopika upya kwa siku yenyewe.

Tatizo ni kwamba zitauzwa sahani kumi na mbili tu, na Madame Alphonsine, présidente wa chama chetu, ameamua kwamba mchaguzi ni mimi. Nilimwambia sijui kupika hata chai. Akajibu: “Ndiyo sababu. Hauna mama hapa Bunia, hauna mke, hauna shemeji. Hakuna mutu atasema umependelea.” Wengine walicheka. Mimi nilikwenda kunywa maji.

Mama mkubwa, nyumbani kwako nilifundishwa kwamba chakula cha mtu hakikataliwi. Sasa nitakataa cha watu kumi na tisa. Tena katika orodha yumo Madame Vanessa, ambaye mume wake anatuazima ukumbi, viti na spika. Kila mwaka analeta gâteau, keki ya ghorofa tatu. Nimeuliza ikoje, na kila niliyemuuliza alitazama pembeni.

Nishauri, tafadhali, kabla ya tarehe 14.

Mtoto wako,
Blanchard


Aru, tarehe 6 Juni 2025

Mutoto yangu Blanchard,

Jambo sana. Siye tuko wazima, mwenye kulalamika iko mguu peke yake. Mvua iko mingi. Simu wacha ikae na mafuta yake, batu walikuwa wananisumbua mno.

Nimesoma barua yako nikicheka, halafu nikaacha kucheka. Weye unaogopa sababu unafikiri kuchagua keki ni kuhukumu batu. Fanya hivi. Geuza keki, angalia chini. Kama iko nyeusi, mwenyewe alikuwa na haraka. Kama katikati iko na maji, aliogopa makaa. Halafu iache kwenye meza kwa muda wa saa mbili. Siku ya mnada, padri atahubiri kwanza, na kitu yenye crème itaanguka kabla yeye hajamaliza. Masista wakileta crème caramel, pokea, lakini uiuze ya kwanza.

Na usisahau desturi yetu ya mnada. Ndugu ya mwenye kupika ndiye anafungua bei. Asipofungua, wengine wanakaa kimya kwa heshima, na chakula inabaki kwenye meza batu wote wakiangalia. Kwa hiyo uliza kila mama: nani atakufungulia?

Sasa sikiliza sana. Wale hautachagua, usiwatumie mutu, usiwatumie karatasi. Beba chombo ya kila mama mukononi, peleka kwake weye mwenyewe kwa miguu. Ndani utie kitu, hata chumvi kidogo. Usirudishe chombo tupu, utakuwa umemutukana. Halafu umuambie kwa mdomo. Atakasirika mbele yako, itaisha palepale.

Kula kwanza mkate kabla ya kuonja. Tumbo tupu inapenda kila kitu.

Mama yako mukubwa,
Domitille


Bunia, Alhamisi, tarehe 19 Juni 2025

Mama mkubwa Domitille,

Salamu nyingi. Natumaini mvua imepungua na mguu umetulia. Mimi afya ipo, lakini sina amani.

Barua yako ya tarehe 6 imefika jana. Gari la Yannick lilikwama kwenye tope upande wa Mahagi, kisha likasubiri kipuri. Niliisoma nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye maneno “usiwatumie karatasi” nikakaa.

Nikueleze kwa utaratibu. Jumamosi nilionja vyote. Kumi na moja sikupata shida kuchagua: gâteau ya ndizi, tarte ya matunda ya marakuja (pasheni), mandazi ya maziwa, crème caramel ya masista na vinginevyo. Nafasi ya kumi na mbili ilibaki na vyombo viwili mezani.

Kimoja kilikuwa cha Madame Vanessa. Kisu kiligonga, kikarudi chenyewe. Nilipofaulu kukata kipande, kilikuwa na chumvi.

Kingine kilikuwa bakuli la bati lenye maua ya bluu na kifuniko, limechubuka ukingoni. Ndani mlikuwa na viduara saba vya simsim, yaani ufuta, vilivyoshikwa kwa asali. Aliyekileta ni Mama Emérance, mzee wa kambini, aliyekimbia kutoka upande wa Bambu. Siku ya kujiandikisha nilimwambia: “Mama, mnada huu ni kwa ajili yenu wa kambi.” Akasema: “Kwa hiyo nikae nikiangalia? Nimepokea batoto tisa kwenye ule mukeka. Kitanda ni yangu pia. Andika.” Niliandika.

Nilionja kimoja, kisha nikafunga mlango wa ofisi nikala vyote saba. Sijawahi kula kitu kama kile.

Halafu nikaanza kufikiri, na unajua mimi nikianza kufikiri. Mjumbe mmoja wa kamati alikuwa amesema haifai anayesaidiwa atoe. Mwingine aliuliza nani atamfungulia bei, kwa kuwa hana ndugu hapa. Simsim zake zitakaa mezani, naye ataaibika. Nikajiambia namkinga na aibu. Si kweli. Niliwaza ule ukumbi, spika, na mwisho wa Julai. Nikaandika jina la Madame Vanessa.

Jumatatu nikawaandikia kumi na tisa wote barua kwa Kifaransa kizuri, kwenye karatasi yenye kichwa cha chama, na kila moja nikaipiga mhuri mwekundu ili mtu asione tumemdharau. Nilijivunia barua zile.

Jana, baada ya kusoma yako, nilichukua bakuli, nikaweka chumvi, nikaenda kambini kwa miguu. Kibanda chake kilikuwa kitupu. Jirani yake, anaitwa Gracieuse, alinitazama kuanzia viatu. “Weye ndiye wa ile karatasi?” Akanieleza. Mama Emérance hasomi Kifaransa. Aliona mhuri. Mwaka jana, katika kambi yao ya kwanza, karatasi yenye mhuri kama ule ndiyo iliyowaambia wahame. Akasema, “Wananiita, ama wananifukuza,” akafunga nguo zake, na Jumanne alipanda lori la Aru, ambako ana dada. Gracieuse alimuuliza: na bakuli? Akajibu: “Wabaki nayo. Mimi siingii tena kwa wenye kashe, wenye mihuri yao.”

Ndicho chombo pekee alichotoka nacho Bambu, mama mkubwa. Alikibeba kichwani. Sasa kipo juu ya meza yangu, kando ya mhuri.

Wewe unauza mandazi pale magari yanaposimama. Tafadhali, mtafute. Ni mfupi, ana kovu dogo kidevuni, na huzungumza bila haraka. Mwambie hakuna aliyemwita wala aliyemfukuza.

Mtoto wako,
Blanchard


Aru, tarehe 25 Juni 2025

Mutoto yangu,

Jambo. Hapa kila mutu iko muzima. Kukuuliza weye sitauliza, naona.

Nimemupata. Kwenye magari hakuna aliyemujua, basi nikafikiri: mutu wa simsim atakuwa kwenye simsim. Nilienda soko, upande wa nafaka, na siku ya pili nikamuona anapepeta simsim ya mufanyabiashara fulani. Kovu iko kwenye kidevu, kama umesema. Nilimuambia, “Mama, mimi niko mama ya karani wa Bunia.” Akashika ungo vizuri, nikafikiri atanipiga nayo.

Nilitoa barua yako. Aliisukuma na mukono. Basi nikaomba ile yenye kashe. Alikuwa nayo, ameikunja ndogo sana, ameifunga kwenye pindo ya kitenge. Nilimusomea Kifaransa yako yote, halafu nikamuambia kwa Kiswahili: inasema asante, na inasema hapana.

“Hapana tu? Hakuna kuhama?”

“Hakuna kuhama.”

Alicheka kidogo. Mimi nikamusaidia kupepeta. Halafu akasema: “Lakini hapana ningeisikia hata kwa mdomo. Nilikuwa mbali na ile bureau, ofisi yao, dakika kumi tu.”

Sikukutetea. Yeye iko na haki.

Sasa anakaa kwangu, sababu nyumba ya dada yake imejaa, na ananipikia vizuri kuliko mimi. Kurudi Bunia amekataa. Bakuli anaitaka, lakini hataki ipewe dereva. Na yeye iko na swali moja kwako, amesema nisibadilishe neno: “Ulize ule kijana. Alikula?”

Ujibu kweli. Na safari hii andika kwa mukono.

Mama yako mukubwa,
Domitille


Bunia, Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025

Mama mkubwa, nakusalimu wewe, na kwa ruhusa yako namsalimu Mama Emérance. Barua hii ni yake. Msomee kama ilivyo.

Mama Emérance,

Shikamoo. Uliuliza kama nilikula. Nilikula zote saba, mlango ukiwa umefungwa, na nililamba asali iliyobaki kwenye kifuniko. Katika vyombo thelathini na kimoja, chako kilikuwa cha kwanza. Nilikiacha nje kwa sababu niliogopa mtu mwenye ukumbi. Wewe sikukuogopa, kwa hiyo ile hapana nikakupa wewe. Nisamehe.

Bakuli lako nimeliosha. Lipo salama ofisini. Kama utakubali kupika tena, litakaa mezani siku ya mnada na jina lako litasomwa kwa sauti. Nimekwenda kwa Madame Alphonsine kumwambia yote. Alinisikiliza akichagua mchele. Nilisema, “Lakini orodha imekwisha kupigwa mhuri, maman.”

“Nani alipiga?”

“Mimi.”

“Basi mukono uleule uongeze mustari.”

Nimeongeza. Ni wa kumi na tatu.

Wako mwenye makosa,
Blanchard


Aru, Alhamisi, tarehe 3 Julai 2025

Mutoto yangu, Yannick anapiga honi, naandika mbio.

Nilipotoa barua yako, Mama Emérance alinipokonya. Aligeuza mbele, aligeuza nyuma, aliishika kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa anatafuta kashe. Alipokosa, alinirudishia, akasema: “Soma.” Pale pa kifuniko nilisoma mara mbili, yeye ndiye aliomba.

Hakusema amesamehe. Alisimama akaenda kununua simsim.

Ziko kwenye mukebe yangu ya maziwa, ishirini na nne. Utie kwenye bakuli yake, si kwenye sahani ya chama. Amesema: “Nani atanifungulia bei?” Hiyo utamujibu weye.

Domitille


Bunia, Jumanne, tarehe 8 Julai 2025

Mama mkubwa, na Mama Emérance,

Nawasalimu nyote wawili. Natumaini mmeamka wazima na mguu umewaruhusu mkae nje. Mimi ni mzima.

Padri alihubiri kwa muda mrefu, kama ulivyosema, na crème caramel ya masista ilianza kuinama, ikauzwa ya kwanza. Kila chombo kilifunguliwa bei na ndugu wa aliyepika, kisha watu wakapandisha kwa kelele na mzaha. Gâteau ya Madame Vanessa ilifunguliwa na mume wake. Baada yake hakuna aliyeongeza bei. Aliibeba mwenyewe kurudi kwenye kiti chake, na mtu mmoja nyuma akasema, “Papa, angalia mugongo,” watu wakaficha midomo.

Halafu Madame Alphonsine akainua bakuli na kusoma: “Simsim na asali. Zimepikwa na Mama Emérance.” Akangoja.

Nilikuwa nimetayarisha jambo hili tangu Ijumaa. Nilikuwa nimemwomba Gracieuse afungue, akasema atakuja, lakini aliitwa kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu, kwa kuwa Mama Emérance hakuwepo kumpokea. Kwa hiyo ukumbi ulikaa kimya. Nilisikia feni. Niliona watu wakiangalia viatu vyao, kwa heshima, na bakuli likiwa juu peke yake na maua yake ya bluu.

Mama mkubwa, sikumbuki nilivyosimama. Nilisikia sauti yangu ikitaja bei, na ilikuwa nusu ya mshahara wangu.

Yule yule wa nyuma akauliza: “Karani, weye ni ndugu yake wa wapi?”

Nikasema: “Mimi niko mutoto yake. Nimekula kwake.”

Hawakucheka. Madame Alphonsine akapiga meza. “Mutoto amefungua. Nani anaongeza?” Hapo wakaanza, na bei ikaniacha mbali, nikakaa.

Aliyeshinda ni Madame Vanessa. Alichukua kimoja, akala palepale, akalirudisha bakuli mezani liuzwe tena, kama ilivyo desturi ya mnada kwa mnunuzi aliyependa. Liliuzwa mara tatu. Vitanda vitakuwa vinne. Tulikuwa tumetarajia viwili.

Wakati wa kukunja viti alinifuata. Nilifikiri ni mwisho wangu. Akauliza kwa sauti ndogo: “Ile gâteau yangu, iko namna gani? Kweli.”

“Ni ngumu, Madame. Na ina chumvi.”

“Miaka mine wananiambia iko muzuri sana.”

“Walikuogopa. Mimi pia.”

“Yule mama anaweza kunifundisha simsim?” Nikasema sijui kama atarudi.

Kuhusu majaribio yangu sijaambiwa kitu. Madame Alphonsine amechukua mhuri, ameufungia kwenye droo yake, na amesema nikiutaka nimweleze kwanza nani atapokea karatasi.

Yannick anaondoka Ijumaa. Mama Emérance hataki bakuli lipewe dereva, kwa hiyo nitalileta mwenyewe. Nimeomba ruhusa ya siku nne. Ndani yake nimeweka chumvi, Gracieuse ameweka sabuni, Madame Vanessa ameweka sukari. Yule mwanamke wa kambini alijifungua salama mtoto wa kike, kwenye mkeka bado, naye ametuma kipande cha uzi wa kitenge alichofungiwa kitovu mtoto, akisema Mama Emérance ataelewa.

Msinijibu. Nitafika kabla ya jibu.

Mtoto wenu,
Blanchard


Aru, tarehe 21 Julai 2025

Mutoto yangu Blanchard,

Jambo sana. Mimi niko muzima, nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Tangu uliondoka hapa, Mama Emérance alikuwa anaangalia ule uzi kila asubuhi, halafu anaurudisha. Mimi sikuuliza. Jana alisema: “Hawa bamama wanazaa bila mimi, na vitanda vinakuja. Nani atawaonyesha kulala juu yake?” Akaenda soko, akapika, akafunga nguo zake.

Barua hii haibebwi na Yannick. Inabebwa na yule unaangalia mbele yako sasa. Mutolee kiti, umupe maji, iko na safari ndefu. Ukimaliza kusoma, fungua kifuniko ya bakuli. Atakuambia hapana, ni ya bureau yote, lakini saba za juu ni zako.

Na bakuli akikuachia leo, kesho umupelekee kwa miguu. Unajua ndani yake utatia nini.

Mama yako mukubwa,
Domitille